Gauni la Mikunjo Minne

Dukani walimwita Mkaguzi, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Alikuwa akiingia kila Jumamosi saa nne, umati wa asubuhi ukishapungua, na kabla hajasalimia mtu mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye nguo za watoto. Anachukua gauni, analigeuza ndani nje, anapitisha kidole gumba kwenye pindo mpaka kinarudi kilipoanzia, analirudisha. La pili. La tatu. Hakuwahi kuuliza bei.

"Haya, serikali imefika," alikuwa akisema Miwani, muuzaji jirani yangu. "Jamani kagueni vifungo vyenu, Mkaguzi huyo."

"Wewe anza kufunga mdomo," naye anamjibu bila kugeuka. "Huo ndio uliolegea kuliko vifungo vyote humu."

Watu wanacheka. Mimi nilikuwa nacheka kwa adabu tu, kwa sababu nilijua anatafuta nini. Katika duka zima ni mimi peke yangu niliyejua, na ni mimi huyohuyo niliyekuja kumfanyia kosa ninaloliandika hapa.

Duka letu zamani lilikuwa ghala la kiwanda cha chapa. Hata leo mvua ikinyesha sana sakafu inatoa harufu ya wino. Ndani tumo wauzaji ishirini na sita. Hatuuzi mitumba ya marobota, ile ina masoko yake. Sisi tunauza nguo za zamani hasa, zilizoshonwa enzi ambazo fundi alijua nguo ni ya kukaa: makoti yenye bitana, magauni ya kola, suruali ambazo ukizikunjua pindo unakuta kitambaa cha kumtosha na mdogo wako. Vijana wanazipenda siku hizi. Wanakuja wawili watatu, wanajipiga picha kwenye kile kioo kikubwa chenye ufa pembeni, wanacheka mabega ya makoti ya babu zao, mwisho wananunua. Kila muuzaji ana bomba lake la kutundikia nguo, na kila mmoja ana uzi wa rangi yake wa kufungia kibandiko cha bei. Dada wa kaunta ni mmoja tu, na yeye hutambua nguo ni ya nani kwa ule uzi. Wangu ni wa zambarau. Wananiita Bibi Zambarau, hata wajukuu zangu nao wameanza, na mimi nimewaacha.

Huyo Mkaguzi wao mimi namwita Fundi, maana ndiyo kazi aliyoifanya tangu ana miaka kumi na sita mpaka macho yalipomkataa. Tulipanga nyumba moja, milango ikitazamana, tangu nilipoolewa. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini kumbukumbu yangu haikuishia pale, na wiki ile ninaikumbuka kuliko wiki iliyopita.

Mumewe alikuwa karani wa posta, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Waliachana kwa maneno ambayo hayana faida kuyarudia. Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka mitano mwenye mwanya, aliyependa kulala chini ya meza ya cherehani juu ya vipande vya vitambaa. Ukimtafuta humwoni, unasikia tu mtu anaimba miguuni mwa mama yake. Karani akapata uhamisho, mji wa mbali, siku mbili kwa treni. Akasema mtoto ni wake na anakwenda naye. Enzi zile mwanamke akiambiwa hivyo alikuwa anakwenda kwa nani? Akaja dada yake karani kumchukua mtoto. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, na siwezi kusema alikuwa mbaya. Alisimama mlangoni, viatu mkononi, akasema, "Wifi, Jumatatu tunaondoka." Hiyo ilikuwa Jumatano.

Fundi hakulia mbele yake. Alikwenda kununua kitambaa cha pamba, samawati yenye vidoadoa vyeupe, akakaa kwenye cherehani. Kazi za wateja zote akazisukuma pembeni. Mama mmoja alikuja kudai sketi yake akarudishwa mlangoni kwa neno moja tu, "Wiki ijayo," na alivyoliona lile jicho hakubisha.

Jumamosi mchana akaniita. "Njoo uone, mwenzangu."

Gauni lilikuwa limetandazwa kitandani. Kola nyeupe, mikono mifupi yenye marinda, na ubavuni ameacha kitambaa cha kutosha kupanua. Lakini kilichonishangaza ni sketi. Kuanzia karibu na pindo kwenda juu aliizungushia mikunjo minne, kila mmoja upana wa vidole viwili, imepangana kama ngazi.

"Mapambo mazuri," nikasema.

"Si mapambo. Mkunjo mmoja ni mwaka mmoja. Akitimiza sita wanafumua wa chini, gauni linashuka. Saba, wa pili. Nane. Tisa. Linakua naye."

"Na akifika kumi?"

Akanitazama kama nimeuliza upuuzi. "Kabla mikunjo haijaisha nitakuwa nimemfuata."

Jumatatu asubuhi alimwonyesha wifi yake ile mikunjo, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, mwanangu wa kwanza mgongoni. Nilisikia kila neno. "Usitumie wembe, wifi. Wembe unajeruhi kitambaa. Chukua ncha ya sindano, toa uzi mmoja mmoja." Yule mama akaitikia kwa kichwa. Mtoto alikuwa ameshavaa gauni na anajizungusha limwagike, hajui lolote, anafikiri anakwenda kupanda treni tu na kurudi.

Barua ya kwanza ilijibiwa: mtoto mzima, anaanza shule. Ya pili ikajibiwa mistari miwili. Zilizofuata hazikujibiwa. Mwaka wa tatu Fundi alipata nauli akaenda. Nyumba akaikuta na watu wengine, wanaanika nguo zao. Posta wakamwambia karani aliacha kazi, amehama, hakuacha anuani. Alirudi siku ya sita, akaweka mfuko wake chini, akafunua cherehani. Sikumuuliza kitu. Nilimpelekea chai, nikaikuta jioni imeganda utando palepale nilipoiweka.

Hakuolewa tena, na hakuzaa tena. Alishona sare za shule. Kila msichana aliyeletwa kwake kupimwa alishonewa na mkunjo wa akiba ndani ya sketi, mmoja au miwili, mzazi apende asipende. Wengine walilalamika kwamba anawazidishia kitambaa. Mwaka wa pili walikuja kumshukuru. Kuna wanawake katika mji huu, sasa ni mama za watu, waliomaliza shule kwa sketi moja ya mkono wake.

Lini alianza kutafuta katika nguo za zamani, sikumbuki hasa. Alianzia minadani, kisha sokoni, na nilipopata bomba langu pale ghalani akahamia kwetu. Siku moja nikamwambia, "Hivi ukiliona, litakupa nini? Mtoto hayumo ndani yake."

"Litaniambia," akasema. "Mikunjo yote minne ikiwa imefumuliwa, basi alifika tisa. Mtoto aliyefika tisa amefika na ishirini, amefika na kuolewa, yuko mahali fulani ananilaumu. Na anilaumu. Mimi nataka hicho tu."

Basi alikuwa na miaka sabini na minane, na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na bado anakuja kila Jumamosi kutaka hicho tu.

Mwezi wa sita Miwani alirudi safari. Yeye huwa anakwenda miji ya mbali kununua vitu vya nyumba za marehemu, mara nyingi kwa watu wanaotaka chumba kiwe wazi upesi. Ilikuwa Jumanne, duka tupu. Alikuwa anamwaga sanduku la bati sakafuni, mapazia, mashuka, koti la mvua, naftalini inatuumiza pua. Katikati kulikuwa na foronya nyeupe iliyofungwa mdomo kwa utepe. Akaifungua, akatikisa. Likadondoka gauni.

Sikuhitaji kuinama. Samawati imechujuka ikawa kama maji ya kufulia, lakini kola ileile, vidoadoa vilevile. Nikaliokota nikaitazama sketi. Mkunjo wa chini umefumuliwa. Wa pili umefumuliwa. Wa tatu na wa nne imeshonwa vilevile alivyoishona yeye, uzi haujaguswa.

"Hilo la nini, Bibi Zambarau?" Miwani akasema. "Wajukuu zako wote mibaba yenye ndevu."

"Niuzie. Usiniulize maswali."

Nilikwenda nalo nyumbani nikalitandaza juu ya meza. Nilikaa nalo muda mrefu. Nilifikiri: nikimpa hivi lilivyo, nitakuwa nimemletea msiba akiwa na umri huu. Nikilificha, atakuja kila Jumamosi mpaka siku ashindwe kutembea, na mimi nimwangalie usoni. Sikupenda hata moja. Ndipo lilipoingia wazo ambalo niliona ni la akili sana. Macho yake hayaoni vizuri, nikasema. Mikunjo ni miwili tu.

Nikachukua wembe. Mkono wangu hauna subira na sindano, sijawahi kuwa nayo. Nikapasua mishono yote miwili kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Chini ya mikunjo kitambaa kilikuwa cha samawati kali, kama siku ile kitandani. Nikalifua, nikalianika juani Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, mchana kutwa, nikiligeuzageuza kama mtu anayeanika nafaka. Nikalipiga pasi na kitambaa kibichi juu. Nikajisifu. Nakiri kwamba nilijisifu.

Jumamosi asubuhi nililifungia kibandiko kwa uzi wa zambarau nikalitundika kwenye bomba langu, la tano kutoka mwanzo, ili alikute mwenyewe.

Aliingia saa nne. Miwani akatoa salamu yake ya serikali, akajibiwa stahili yake. Fundi akaanza. La kwanza, la pili, la tatu, la nne. Alipofika la tano mkono haukuligeuza. Ulilishika kola tu ukabaki hapo.

"Limetoka wapi hili?"

"Limekuja tu," nikasema. "Kwenye mzigo."

Akalitoa kwenye henga akaenda nalo mpaka kwenye benchi lililo karibu na kioo, ambapo watu huvulia viatu. Msichana mmoja alikuwa amekaa hapo anajaribu buti. Akamtazama bibi usoni, akasogea bila kuambiwa. Fundi akaligeuza gauni ndani nje, akalilaza magotini, akafumba macho. Kidole gumba kikaanza safari yake.

"Wa kwanza," akasema taratibu. "Umefumuliwa vizuri. Uzi umetolewa mmoja mmoja. Matundu yamejifunga kabisa." Kidole kikapanda. "Wa pili. Mkono uleule." Akatabasamu, na katika miaka hamsini na mitatu sikuwa nimeliona tabasamu hilo. Nikasema moyoni, nimefaulu.

Kidole kikafika palipokuwa na mkunjo wa tatu. Kikasimama. Kikarudi nyuma, kikaenda tena. Akakiinua kitambaa akakipitisha mdomoni, kama alivyokuwa akifanya zamani kwenye maduka ya vitambaa kujua kama pamba ni pamba. Tabasamu likaondoka polepole, si kwa mara moja, na hilo ndilo baya zaidi nililoliona siku ile.

"Huyu alitumia wembe," akasema.

Nikainamia sketi kana kwamba ndiyo kwanza naiona.

"Wa tatu na wa nne. Wembe, na haraka. Vipande vya uzi bado vimo ndani, na matundu yako wazi yananikwaruza kidole." Akafumbua macho. "Na kitambaa hapa ni kipya, mwenzangu. Hakijasuguliwa na goti la mtu."

"Mkaguzi leo kakamata!" Miwani akapaza sauti kutoka upande wake. "Nani huyo, tumfunge?"

Hakuna aliyecheka, naye alipotuona akaacha.

"Ulikuwepo nilipomwambia wifi asitumie wembe," Fundi akaniambia.

"Nilikuwepo."

"Ulisimama mlangoni, mtoto mgongoni."

"Ndiyo."

"Ukasahau."

"Sikusahau. Nilidhani... macho yako, nilisema hayata..."

"Macho yangu!" Sauti ikapanda kidogo. "Miaka yote hii, lini uliniona nikishonea macho?"

Mimi si mtu wa kuomba radhi ovyo, wanangu wananijua. Nikakaa kando yake kwenye benchi.

Akamwita Miwani. "Njoo hapa, baba." Akaja, ameshavua ile miwani yake na kuishika mkononi. "Hili gauni ulilitoa wewe?"

Miwani akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo, mama. Kwa bibi mmoja marehemu, alikuwa akiishi peke yake. Walioniuzia ni vijana wa ukoo wa mbali, hawajui kitu, wanataka nyumba waipangishe. Kulikuwa na picha yake ukutani. Mrefu. Amesimama tu, hata hakucheka."

"Gauni lilikuwa pamoja na nguo nyingine za watoto?"

"Hapana. Peke yake. Ndani ya foronya, limefungwa utepe, chini kabisa ya sanduku."

Fundi akatikisa kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayesomewa barua ambayo maneno yake aliyajua. "Nguo ya mtoto anayekua inapewa mdogo wake," akasema. "Au ya mtoto wa jirani. Au inakuwa tambara la kufutia taa. Haifungwi utepe." Akashika ile sehemu ya mkunjo wa pili, akaipapasa tena. "Hapa pamechakaa nusu tu. Alikuwa ameshatimiza saba. Nane hakufika."

Miwani akasema, "Pole, mama," akarudi kwenye bomba lake. Nilimwona anawazuia vijana wawili wasije upande wetu wa kioo.

Fundi alilikagua gauni lote lililobaki, sehemu kwa sehemu, kama anayelipokea kutoka kwa mteja. Ubavuni palikuwa pamepanuliwa kidogo. Chini ya kwapa la kushoto alikuta kiraka, kidogo kama ukucha, mshono wake hauonekani upande wa nje.

"Wifi alimtunza," akasema. "Ona hiki. Mtu asiyependa mtoto hashoni kiraka hivi." Na hapo machozi yakamtoka, bila sauti, yakifuata mikunjo ya uso mpaka kidevuni. Hakuyafuta. Mimi ndiye niliyeyafuta kwa ncha ya mtandio wangu, naye akaniacha.

Tulikaa hivyo mpaka yule msichana wa buti alipolipa akaondoka. Kisha Fundi akafungua mkoba wake akatoa kikopo cha sindano. Hakuwahi kutembea bila hicho, hata baada ya kuacha kazi.

"Una uzi?"

"Ninao wa zambarau tu. Wa vibandiko."

"Utafaa. Nitungie, mimi tundu silioni."

Nikatunga. Nikakosea mara mbili, yeye akasubiri. Nilipompa akakunja kitambaa kwa kufuata alama ya zamani, vidole viwili kamili, bila kupima, akaanza kushona. Sindano ilikuwa ikiingia kwenye matundu yaleyale aliyoyatoboa akiwa na miaka ishirini na mitano. Aliyapata yote kwa ukucha wa kidole gumba.

"Unafanya nini?" nikamuuliza, ingawa nilikuwa nimeshaelewa.

"Narudisha. Hii miwili haikuwa ya kufumuliwa." Akavuta uzi. "Ungeniuliza, ningekuambia. Ungeniletea lilivyo, tukakaa mimi na wewe."

"Nisamehe."

"Nimesikia," akasema, akaendelea kushona.

Watu waliingia na kutoka. Dada wa kaunta alituletea maji. Mkunjo wa tatu ukaisha, nikatunga tena, na safari hii sikukosea. Wa nne ulipokamilika akakata uzi kwa meno, akaligeuza gauni upande wake, akalinyoosha magotini kwa kiganja. Mistari miwili ya zambarau ilizunguka sketi ile iliyochujuka, imenyooka kama ya mashine.

Nikakikata kibandiko changu. Akalikunja gauni, akaliweka kwenye mkoba, akaniomba nimshike mkono anyanyuke. Njia ya kutokea inapita kando ya bomba langu, kando kabisa ya nguo za watoto. Alipita akitazama mlangoni, mkoba umebanwa kifuani kwa mikono yote miwili.

Jumamosi iliyofuata saa nne nilijikuta nimetazama mlango. Miwani pia alikuwa anatazama.